Tumbo la Mtangazaji

Duka la chakula cha mifugo la hapa kwetu Nebraska lina benchi moja refu lililotoka kanisani, lile la Walutheri lililofungwa. Waumini waliisha, mbao zikabaki. Juu yake, ukutani, kuna televisheni. Kando yake, birika la kahawa lisilooshwa tangu mwenye duka aoe. Hapo hukaa Goti, ambaye goti lake hutabiri mvua. Setilaiti, ambaye anajua kila kitu kilichoko angani na hajui mlango wa friji yake. Na mimi, Bernadine, wanayeniita Pilipili. Asubuhi hiyo tufani ya theluji ilikuwa imevuma siku nzima na usiku wake, na bado ilikuwa inagonga madirisha. Kalenda ilisema majira ya machipuko yana siku nne. Sisi watatu tunakaa ng'ambo ya barabara tu, tulifika kwa miguu. Hata ahera ikifungwa kwa theluji, tutakwenda kunywa kahawa.

— Wametudanganya, alianza Goti. Utabiri wa nchi nzima! Nchi nzima wapi? Wanakaa huko pwani, hawajaiona Nebraska hata kwenye ndoto.

— Si kuiona tu, mzee, alisema Setilaiti. Yule mtangazaji anasimama mbele ya ramani. Mmewahi kulitazama tumbo lake? Linaanzia Dakota, kaskazini kwetu, linaishia Kansas, kusini. Sisi tumo chini ya vifungo vya koti.

— Sasa tumbo lake lina kosa gani? aliuliza Goti.

— Tungeonaje tufani, na mtu amesimama mbele yake? Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha uchi hazai.

— Hilo haliingii hapo hata kwa kusukumwa, nikamwambia.

— Linaingia, Pilipili. Amelificha, hatukuzaa utabiri.

Goti alijimiminia kahawa.

— Goti langu lilijua, alisema. Jumatatu liliuma.

— Goti lako liliuma Jumatatu kwa sababu Jumapili ulianguka kwenye ngazi za baa.

— Dalili ya mvua ni mawingu, dada.

— Hii ni theluji.

— Basi dalili yake ni goti.

Setilaiti akasogea mbele, akashusha sauti kama mtu anayeuza ng'ombe wa wizi.

— Mnataka kujua kweli? Ni vile vinu vya umeme wa upepo, kule kilimani. Mia moja na ishirini. Tufani ilikuwa inaelekea Kansas, njia yake kabisa. Vinu vikazunguka, vikaivuta huku. Hesabu ndogo tu.

— Acha zako bwana! nikasema.

— Feni ya jikoni haivuti moshi?

— Inavuta, alikubali Goti, akawaza. Tena labda Kansas wamelipa ivutwe.

Tulicheka. Nasema tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kukohoa. Hakuna aliyemtaja Curtis. Tangu saa moja asubuhi tulikuwa tumezunguka jina lake kama mtu anavyozunguka kinyesi cha mbwa uani.

Maana kilichotokea ni hiki. Juzi Curtis Sobotka aliingia kununua hereni za ndama, zile za namba za masikioni, utabiri ukiwa umeanza pale ukutani. Ana mitamba arobaini waliokuwa karibu kuzaa, aliowaacha kwenye malisho ya kule kijitoni. Alitaka kujua awaingize bandani au awaache. Sikio lake la kushoto ni bovu tangu utotoni, na sisi tulikuwa tunapigiana kelele ni ndege gani hurudi kwanza machipuko. Akauliza: "Amesemaje?" Goti alikuwa anafungua kinywa. Mimi sikutaka Goti ajibu kabla yangu. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, Kansas. Nikasema: "Inapita Kansas, mwanangu. Waache wale majani." Setilaiti akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia. Goti akasema hata goti limesema hivyo.

Curtis akashukuru. Alituamini kwa sababu sisi ni wazee.

— Na setilaiti zenyewe ni za zamani, Setilaiti alikuwa anaendelea. Zimechoka. Usipoziba ufa...

Mlango ukafunguliwa, upepo ukaingia na mtu. Alikuwa Janelle, mke wa Curtis, yule wa mjini Omaha aliyeolewa msimu wa mavuno. Alikuja na trekta. Nyusi zake zilikuwa na barafu, na kwenye mkono wa koti damu ya uzazi ilikuwa imeganda.

— Hamjambo wazee. Shangazi.

— Karibu, mwanangu. Kunywa kahawa, nilisema.

— Siwezi kukaa. Nataka maziwa ya unga, yale ya ndama aliyezaliwa leo. Yote yaliyopo.

Mwenye duka akaenda stoo. Janelle akasimama anachuruzika maji.

— Ndama kumi na saba wamekufa, alisema, kwa sauti ya kawaida tu. Tisa wamo ndani. Wawili nimewalaza kwenye hodhi la kuogea. Curtis yuko kijitoni bado anafukua theluji.

Setilaiti alitazama kofia yake.

— Nilitaka kuwauliza kitu kidogo, alisema Janelle. Mlikuwa hapa juzi. Utabiri ulisema nini hasa? Curtis anasema labda alisikia vibaya, kwa lile sikio. Tangu jana anajipiga kichwa. Anataka kujua tu, mwakani asikosee tena.

Goti alilishika goti lake kwa mikono miwili. Hata kama tungetaka kujibu, hatukujua: hakuna kati yetu aliyeusikia.

— Sikio la Curtis halina kosa, nikasema.

Akanigeukia, akangoja. Alingoja vizuri, bila hasira, kama mtoto anayejua kwamba mtu mzima atamalizia. Mimi nikatazama ndani ya kikombe.

Mwenye duka akatoka na mifuko minne. Janelle akaibeba mwenyewe, miwili miwili, akashukuru, akaondoka.

Pale ukutani yule mtu wa tumbo alikuwa ameanza tena. Goti akainuka, akaongeza sauti mpaka mwisho. Tukasikiliza kila neno, wote watatu, kama wanafunzi waliochapwa. Alisema kesho jua litatoka.