Sista Dakika na Mpiga Hodi wa Kifuani

Sista Dakika, tunayemlaza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa karakana ya reli na mshona mashuka wa hospitali. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alianguka mezani, kikombe kikiwa bado mkononi. Mtoto alilaza sikio kifuani mwa baba, hakusikia kitu, akainuka mbio kwenda kuita majirani. Walipofika, baba alikuwa ameshakufa. Tangu siku hiyo alijiuliza kama aliondoa sikio mapema mno. Hofu hiyo hakuipa mgongo kamwe. Aliishi nayo nyumba moja.

Alisoma shule ya msingi karibu na karakana, 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1980 akapata stashahada ya uuguzi. Chuoni wenzake walihesabu mapigo kwa robo dakika wakazidisha kwa nne. Yeye alishika mkono wa mgonjwa dakika nzima. Mkufunzi alipomkaripia kwamba anachelewesha zamu, alijibu kuwa moyo mbovu hujificha katika zile robo tatu zilizobaki. Jina la Sista Dakika lilianza kwa dhihaka, likaishia kuwa heshima.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi saa. Walifahamiana mwaka uliotangulia, alipompelekea saa yake ya mkononi iliyokwama mshale wa sekunde. Fundi alimtania kwamba mishale miwili yatosha kujua saa ya kula.

"Kaka, mimi nautaka huo wa tatu," alimjibu. "Huo ndio wa kuhesabia mioyo ya watu."

Saa ilitengenezwa siku hiyo hiyo. Walijaliwa watoto wawili.

Alitumikia wodi namba nne, ya wagonjwa wa moyo, kwa miaka thelathini na tisa. Wengi walifika kuwekewa kifaa cha kusaidia mapigo, ambacho wao walikiita betri, na walikiogopa. Walidhani kitawapiga shoti, au kitawaka radi ikipiga. Sista aliketi ukingoni mwa kitanda akawaeleza kwamba kifaa chenyewe ni kidogo kuliko kiberiti, hulazwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo, na waya wake hupita ndani ya mshipa hadi moyoni.

"Ni mpiga hodi tu," aliwaambia. "Moyo ukipiga wenyewe, ananyamaza mlangoni. Ukikawia, anabisha."

Aliwasimamia bila huruma ya kupumbaza. Kidonda kikae kikavu. Mkono wa upande ule usipande juu ya bega kwa wiki sita, lakini usifungwe kama kuni, maana bega litaganda. Simu isikae mfuko wa kifuani. Kizunguzungu, homa au usaha havisubiri kesho.

Mwaka 2017 moyo wake mwenyewe ulianza kukawia. Alijihesabu jikoni akapata mapigo thelathini na nane. Alijua maana yake kuliko yeyote nyumbani, akanyamaza miezi saba. Alipozimia bafuni alisema ameteleza kwenye sabuni. Hilo lilikuwa kosa, na msiba si mahali pa kupaka kosa chokaa: aliyewafundisha mamia kusema ukweli wa miili yao aliuficha wake, kwa sababu aliogopa. Mumewe alimkuta sakafuni asubuhi moja, midomo imebadilika rangi.

Aliwekewa kifaa tarehe 9 Oktoba. Kesho yake asubuhi, akiwa bado mgonjwa kitandani, aliona dripu ya jirani yake imekauka. Mazoea yana nguvu. Aliinuka, akanyoosha mkono wa kushoto kuitundua chupa. Waya ukasogea. Aliwahi kusema tu, "Hodi siisikii," akaanguka. Alirudishwa chumba cha upasuaji siku ile ile. Wauguzi aliowafunza walimtania baadaye kwamba wodi haijapata kuwa na mgonjwa mkaidi kama yeye. Alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika shuka kama ukingo wa shimo.

Kuanzia hapo alihesabu mapigo kila asubuhi na kuyaandika daftarini. Yakishuka chini ya sitini, aliripoti. Hakuficha tena. Mwezi Novemba 2024 alipokutwa na saratani ya ini, aliwaita watoto siku hiyo hiyo akawaeleza.

Mwezi Mei mwaka huu alirudi wodi namba nne kwa mara ya mwisho. Mumewe aliingiwa na hofu ambayo hakuthubutu kuisema, hata ilipomshinda akamvuta kando muuguzi wa zamu, mwanafunzi wa zamani wa marehemu.

"Mwanangu, mashine hii itamwachia aende? Au itamshika, iendelee kumpiga akiwa ameshakufa?"

"Baba, mwenyewe alitufundisha," alijibu taratibu. "Kifaa kitabisha, ila moyo uliokufa hauitiki. Anayebisha hodi hana ufunguo."

Siku ya Jumapili, tarehe 11 Mei, mchana, Sista alifumbua macho.

"Watu wote nimewaambia wasiogope," alimwambia mumewe. "Mimi naogopa."

"Hata mimi, mama watoto. Basi tuogope wawili."

Fundi saa alivaa ile saa aliyoitengeneza zamani, akamshika mkono mkewe, akaanza kuhesabu. Mapigo yalififia, yakapotelea chini ya vidole vyake. Muuguzi alitaka kumwondoa, lakini yeye akatikisa kichwa. Mshale wa tatu ulizunguka duara zima, na hapakuwa na cha kuhesabu. Ndipo alipouachia mkono. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja mwalimu, mwana mmoja fundi umeme, wajukuu wanne, kaka mmoja, wadogo zake wawili, na wodi nzima ya wauguzi wanaohesabu dakika nzima.

Apumzike kwa amani, mlango umefungwa taratibu, na hakuna aliyeondoa sikio mapema.