Sauti Niliyoinyoosha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi wa kituo chetu cha televisheni, waheshimiwa majaji wa shindano letu la uimbaji, ndugu zangu wapiga vyombo na mafundi mitambo, vijana wangu mlioshinda na mlioshindwa, wageni waalikwa, na wewe mke wangu uliyekaa hapo mbele ukinitolea macho nisizidishe maneno: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mkurugenzi amenipa dakika kumi. Namshukuru, maana katika kipindi chetu mtu hupewa dakika moja na nusu aimbe, alie, na asimulie maisha yake yote.

Mmenisifu sana tangu asubuhi. Mmesema kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwalimu wa sauti wa shindano hili, na washindi wote wamepitia mikononi mwangu. Ni kweli. Lakini ni nani kati yenu, redio ikilia naye amefumba macho, anaweza kuniambia anayeimba ni mshindi wa mwaka gani? Mimi mwenyewe niliyewafundisha nimejaribu, nimeshindwa. Ndiyo maana naomba mnivumilie, leo ninapoaga kazi, nimtaje mtu mmoja ambaye hayumo ukumbini.

Alikuja kwetu miaka saba iliyopita, kutoka kwenye duka la kufulia nguo alikokuwa akipiga pasi. Tukamwita Dobi, naye akalipenda jina. Siku ya usaili aliimba wimbo alioutunga mwenyewe, juu ya dada yake mkubwa aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Sauti yake ilikuwa ya chini, ina mkwaruzo kidogo, na kila alipokaribia neno zito alinyamaza. Alinyamaza kweli! Mpiga kinanda wetu alidhani amesahau maneno, akamnong'oneza, "Endelea, dada."

"Naendelea, kaka," akajibu. "Hapo pia ni wimbo."

Tukacheka. Halafu akalitamka lile neno, na mshika kamera mmoja akageuka pembeni kujifuta macho.

Wiki ya pili niliitwa ofisini. Nikaambiwa, "Mwalimu, yule binti akinyamaza watu wanahama chaneli. Kufika sekunde ya nane lazima kitu kitokee." Ningeweza kukataa? Ningeweza. Hakuna aliyenitisha, wala sikuwa na njaa. Nilikuwa na sifa, na sifa zilikuwa zimenilevya. Nikarudi chumba cha mazoezi nikamwambia apandishe, aingie mapema, azungushe sauti mwishoni mwa kila mstari kama wenzake.

"Mwalimu, hapo juu mimi si mwenyeji," alisema.

"Utazoea," nikamjibu.

Akazoea. Alikuwa mtiifu kupita kiasi; nilichomwambia asubuhi, jioni alikuwa nacho. Wiki ya saba dada yake alikuja kwenye mazoezi, akanivuta kando ukumbini, karibu na meza ya chai.

"Jumamosi nilikuwa naosha vyombo, televisheni iko nyuma yangu," aliniambia. "Nikasikia mtu anaimba, nikasema bado, zamu ya mdogo wangu haijafika. Nilipogeuka, kumbe ni yeye. Mwalimu, nimemlea tangu ana miaka minne. Imekuwaje nisimjue?"

Nilimwambia hayo ndiyo maendeleo. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyomwambia, nikijaza kikombe changu.

Dobi akashinda. Mnakumbuka shangwe. Akapewa nyimbo zilizokwisha tungwa, akaziimba vizuri, na mwaka uliofuata mtangazaji mmoja wa redio akapiga wimbo wake akataja jina la mshindi aliyemtangulia. Hakuna msikilizaji hata mmoja aliyepiga simu kusahihisha.

Baada ya miaka miwili koo likachoka. Daktari akamwambia apumzike, naye alipopona akaja kwangu. Hakulaumu. Alisema, "Mwalimu, nirudishie ile sauti yangu ya kwanza." Tulifanya kazi miezi mitatu, kila Jumanne. Kila alipofika mwisho wa mstari, koo lilipanda lenyewe kule nilikolizoesha. Akijaribu kunyamaza, alinyamaza kama mtu anayesubiri kuambiwa lini aendelee. Jumanne moja alisimama katikati ya wimbo, akachukua mkoba wake, akaniambia kwa adabu, "Inatosha, Mwalimu. Umejitahidi." Alirudi kwenye pasi. Haimbi tena, hata kazini.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda chumba cha kumbukumbu kutafuta video za usaili wake, nimpelekee zawadi kabla sijastaafu. Mimi mzee niliyesimama mbele yenu nilipekua rafu mbili nzima. Nikaambiwa zile za usaili, kwa kuwa hazikurushwa hewani, zilifutwa ili kupata nafasi ya msimu uliofuata.

Nikaenda mikono mitupu. Nilimkuta mezani, mvuke umemzunguka, anapiga pasi mashuka ya hoteli. Nikamweleza yote, na nikamwomba radhi. Hakuacha kazi, lakini alisikiliza. Alipomaliza shuka lile, akalikunja, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Siku ile ya kwanza niliimba vizuri? Mimi sikujisikia nikiimba. Nilikuwa naogopa."

Nikamwambia, "Uliimba vizuri sana. Hapakuwa na kitu cha kubadilisha."

Akachukua shuka jingine. Kisha akasema, "Basi ungeniambia."

Waheshimiwa, kesho chumba kile cha mazoezi kitapata mwalimu mwingine, na najua ameketi humu ndani. Mwanangu, akija mtu wa namna ile, mwambie. Mwambie siku hiyohiyo, kabla hujaitwa ofisini.

Namshukuru kila aliyefanya kazi nami, na nawashukuru ninyi nyote kwa kunitegea masikio mpaka mwisho.