Samli Haizuii Jua

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mniache nisimame huku ukutani, maana jua la dirishani linanifuata. Naitwa Nyangeta, mke wa Marwa, hapa hapa Nyasura. Nilizaliwa na ualbino, kama mnavyoniona, na leo nataka kusema jinsi Mungu alivyoniokoa na kifo kilichoanzia sikioni.

Nilikulia Butiama kwa bibi yangu, nyumba yenye ng'ombe wengi. Kwetu mtoto anayependwa anajulikana kwa kung'aa. Kila asubuhi bibi alitupaka samli wajukuu wote, mimi akanizidishia. "Mjukuu wangu, ngozi yako ni nyembamba, inataka mafuta mengi," ndivyo alivyokuwaga anasema. Basi naenda kuchunga nimeng'aa, jioni narudi nina malengelenge mabegani, na bibi analia huku ananipaka tena. Alinipenda sana. Hakuna aliyemwambia kwamba samli haizuii jua.

Nilipoolewa huku Bunda nilikuja na kopo langu la samli. Msimu wa pamba nilikuwaga shambani mpaka mchana, kilemba kichwani, masikio nje. Ndipo kikatokea kidonda pembeni ya sikio hili. Kinakauka, kinapasuka, kinatoa damu. Hakikuuma, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu shangazi yangu, naye mwenye ngozi kama yangu, alianza na kidonda kisichouma shingoni. Tulimzika. Ndugu zangu, niliogopa! Niliogopa kioo, niliogopa hospitali, niliogopa hata kuomba, nisije nikasikia jibu. Nikashusha kilemba kukificha, mpaka Marwa alipoona damu kwenye mto.

"Mama Bhoke, hii damu ni ya nini?"

Nikamgeuzia sikio aone, nikalia.

Akanileta kwa mchungaji. Mchungaji aliniombea, na alipomaliza hakuketi. Akasema, "Mama, tumeshaomba. Sasa twende Musoma." Kule hospitali daktari akakata kinyama kidogo kwenda kupima. Kusubiri majibu kusikieni kwa wengine! Nilikuwa namwangalia binti yangu Bhoke anakula, nawaza nikiondoka nani atamsuka nywele. Majibu yakaja: saratani imeanza, ila haijasambaa. Wakaikata yote. Mnaona sikio langu lina pengo. Shetani alitaka kichwa kizima, akaambulia kipande cha sikio!

Ndugu zangu, nilichofundishwa kule sitakimeza peke yangu. Mafuta ya kuzuia jua si samli, wala si ile krimu ya sokoni ya kung'arisha, hiyo inaichosha ngozi zaidi. Angalia kopo lina herufi SPF na namba thelathini au zaidi, na limeandikwa kwamba linazuia miale yote miwili, UVA na UVB. Angalia halijaisha muda wake. Yakikuwasha, rudi umuulize daktari, usivumilie. Paka ya kutosha kabla hujatoka, usisahau masikio na shingo, na ukikaa nje rudia kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho. Na usiyategemee mafuta peke yake. Mimi siku hizi navaa kofia pana na mikono mirefu, pamba nachuma asubuhi na mapema, jua likipanda nimeshaingia kivulini. Mawifi wananitania eti nimekuwa bosi. Wacha wanitanie, nipo.

Hofu haijaniisha. Kila kipele nakikimbiza hospitali. Lakini namshukuru Mungu, maana sasa naogopa nikiwa hai.

Dada yangu uliyeketi nyuma kabisa na mtoto mwenye ualbino, wewe mgeni, sikusemi ili nikuaibishe. Mlipoingia niliona mabega yake yameiva, na tangu hapo nimeshindwa kuimba. Mtoto huyo bado ana masikio yote mawili. Mtumaini Bwana, mwenzangu, hajawahi kumwacha anayemkimbilia. Alhamisi ni kliniki ya ngozi mjini Musoma. Nitakupitia jua halijachomoza, twende wote. Ila leo ibada itaisha saa sita, jua likiwa utosini. Chukua kofia yangu, umvalishe kabla hamjavuka huo mlango.