Fundi Makali na Tanuri Lililopakwa na Mkewe

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemsindikiza leo, mliyemzoea kwa jina la Fundi Makali, alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake, fundi cherehani. Alikuwa wa pili kati ya watoto wanne.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Hesabu alizipenda, mwandiko wake, tuseme ukweli, ulihitaji mkalimani.

Mwaka 1968 aliingia karakana ya reli kujifunza uhunzi, na mwaka 1984 akafungua banda lake nyuma ya nyumba, akifua visu vya wapishi na wachinjaji.

Tarehe 12 Agosti 1978 alifunga ndoa na binti wa mwashi, mwanamke wa maneno machache lakini yanayofika.

Mwaka 2009 marehemu alinunua kopo lake la kwanza la dawa nyeupe inayopakwa ndani ya tanuri la gesi, ili joto lisinywewe na ukuta bali lirudi kwenye chuma. Kwa haraka zake akaipaka juu ya pamba ya kuzuia joto inayofunika kuta za ndani, pamba ikiwa bado kavu, akawasha papo hapo. Ikabanduka yote kama maganda ya yai, ikaangukia kisu. Mkewe akashika kiuno.

"Baba watoto, hata kabla ya lipu ukuta hulowanishwa kwanza. Shule ulikwenda kufanya nini?"

"Nilifika la saba, mama."

"Mimi niliishia la nne. Lete brashi."

Tangu hapo kupaka ikawa kazi ya mama. Alilowanisha, akakoroga mpaka dawa iliyotuama chini ikapanda, akapaka nyembamba, akaacha ikauke siku mbili. Kisha akamkonyeza mumewe: "Haya, washa, bwana harusi."

Mama alifariki Juni 2019, wiki moja baada ya kupaka.

Marehemu hakukubali tanuri lipakwe tena. Dawa ikapasuka, tanuri likala gesi, chuma kikaiva upande mmoja. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, akaleta kopo jipya.

"Baba, pamba hiyo ikimomonyoka unaivuta kifuani."

"Najua, mwanangu. Ila pale pana mkono wa mama yako."

Mwaka 2022 akaacha kuwasha kabisa. Kila asubuhi aliingia bandani, akakaa mbele ya tanuri baridi, akichungulia alama za brashi.

Januari mwaka huu binti akamwambia, "Baba, mama alipaka uwashe. Hakupaka uangalie."

Mzee akainuka. "Nenda kalete maji."

Wakafunika pua. Yeye akalowanisha, binti akapaka juu ya mkono wa mama yake. Siku ya tatu wakawasha, kuta zikawaka rangi ya chungwa kote.

"Mama yako pembe ile asingeiacha hivyo."

"Basi shika brashi wewe!"

Akacheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekikosa karibu miaka mitano.

Alifua visu mpaka Mei, moyo ulipomlaza hospitalini. Watoto walimwambia nao wanamkumbuka mama. "Nyinyi mnamkumbuka," akajibu. "Mimi nimemchelewesha, ananingoja."

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu sita, kaka yake na dada zake wawili. Analazwa ubavuni mwa mkewe. Wapumzike kwa amani, wote wawili.