Gramu Kumi na Tano za Dada Hisae

Ndugu waombolezaji, tai nyeusi niliyovaa si yangu, ni ya mhudumu wa ukumbi huu, maana mimi, mwanamume wa miaka sitini niliyezunguka nchi kumi na tatu nikiuza mashine za kukaangia, nimekuja kumzika dada yangu na tai nyeupe ya harusi, hadi shangazi akanivuta pale mlangoni akaniuliza, "Tsuneo, unaoa leo?" Naomba radhi, dada mwenyewe angecheka, ila kwa ndani, kama kawaida yake.

Marehemu Hisae Yachi alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Himi, mtoto wa kwanza kati yetu wawili wa mzee Yachi, mwanika dagaa, akasoma shule hapahapa, mwaka 1976 akaenda Toyama kusomea lishe, na Aprili 1983 akaajiriwa kwenye maabara ya chuo, ambako alibaki hadi kustaafu Machi mwaka huu wa 2023.

Maisha yote alikuwa na swali moja: ini hugeuza wanga na sukari kuwa mafuta, je, hufanyaje likiletewa mafuta yasiyoganda kwenye baridi, kama ya dagaa? Kundi moja la panya alilipatia mafuta ya nguruwe, jingine ya dagaa, wanga ukiwa sawasawa, akaona kwamba ya dagaa huingia ndani ya ini na kuzima ile amri ya kutengeneza mafuta mapya. Lakini mafuta hayo hayana subira, yakikaa wazi huchacha, panya huyakataa, na ini la panya mwenye njaa hukonda kwa njaa, si kwa dagaa, kwa hiyo chakula kilichanganywa upya kila asubuhi, na mabaki yakapimwa, iwe sikukuu au siku ya kazi.

Hakuolewa. Mwaka mpya wa 1986 wazazi walimpangia kuonana na mwalimu wa hesabu wa Kanazawa, akaenda siku tatu, akaniachia mimi panya wake. Aliporudi alilifuta jaribio zima la miezi sita, akaanza upya, na tangu hapo hakumwachia mtu panya wake; mwalimu aliandika barua mbili, akangoja, akaoa kwingine. Watoto hakujaliwa. Kila Oktoba, maabara ilipokusanyika mbele ya jiwe la kuwakumbuka wanyama wa utafiti, wenzake waliweka maua, yeye akaweka kisahani cha chakula kilichopimwa, akabaki pale peke yake wote wakishaondoka. Nyumbani kwake tumekuta bakuli moja, kikombe kimoja, na mizani.

Juni alipatikana na saratani ya kongosho, akalazwa tarehe 2 Oktoba, akafariki Jumapili tarehe 19 Novemba, saa nne asubuhi, mimi nikiwa uwanja wa ndege wa Bangkok. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yake mama Kurose aliyemfagilia theluji mlangoni majira ishirini ya baridi bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambao wameniambia leo mambo ya dada yangu niliyopaswa kuyajua mimi.

Sasa ningemwambia apumzike kwa amani, lakini kwanza niungame mbele yenu, kama nilivyoungama kitandani kwake mwezi uliopita. Mwaka mpya ule nilichanganya chakula cha siku tatu kwa mkupuo mmoja, nikakiacha kando ya jiko la kupasha chumba joto, nikaenda kunywa. Panya walipokigomea, nikaandika kwenye daftari kwamba wamekula yote.

"Dada," nilianza, "wale panya wa mwaka mpya..."

"Gramu kumi na tano, siku tatu mfululizo, panya wote," akasema. "Hata mwongo mvivu huandika kumi na nne mara moja."

"Kumbe ulijua?"

"Niliwapima siku niliyorudi. Walikuwa wamekonda."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja uje uniambie wewe."

"Miaka thelathini na saba, dada?"

"Ulikuwa safarini."