Wageni Waliokuja Bila Sababu

Mbele ya mgahawa wa chai wa Nako Gwahram, pale barabara ya ghuba ya magharibi inapopinda kuingia mjini Gwadar, pwani ya Pakistani, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili. Kila siku baada ya sala ya alasiri ubao huo hukaliwa na watu walewale. Kuna Dilmurad, aitwaye Waziri, ambaye hajawahi kushika cheo hata cha utarishi lakini siri zote za serikali anazo yeye. Kuna Pirbaksh Mapipa, dereva wa pikapu, anayevusha dizeli kutoka Iran na kunukia dizeli hata asubuhi ya Idi. Na kuna Shambe Barafu, fundi wa mafriji ya wachuuzi wa samaki, ambaye siku hiyo alikuwa amenuna na chai yake hajaigusa. Mkewe, Sharatun, alikuwa amefunga virago akaenda kwa kaka yake katika mji jirani wa Surbandar, na simu hapokei. Kosa lilikuwa moja, na mji mzima ulikuwa unalijua. Kwa miaka kumi na tisa Shambe alikuwa akimwahidi kumtoa matembezi, keshokutwa, wiki ijayo, friji hili likishapona. Halafu juzi akaenda matembezi Jiwani na hao hao wa kwenye ubao, akamletea mkewe mabaki ya samaki.

— Atarudi tu, alisema Waziri. Waliosema walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Na nikimfuata?

— Ukimfuata umekwisha. Mfuata nyuki hakosi asali.

— Sasa hiyo si inasema nimfuate?

— Inasema nyuki wanauma! Wewe Barafu hujui mithali, kaa kimya unywe chai.

Mapipa alicheka mpaka chai ikampalia. Yeye mke wake hajapata kumkimbia. Lakini na yeye hajapata kukaa nyumbani siku za kutosha za kukimbiwa.

Ndipo gari dogo jeupe likaegeshwa ng'ambo ya barabara, limejaa vumbi la njia ya pwani mpaka kwenye vioo. Akashuka kijana mwenye ndevu za kuchongwa, akanyoosha mgongo, akaja kuagiza chai mbili. Ndani ya gari alibaki mwanamke aliyevaa miwani ya jua.

Nako Gwahram hakumimina. Yeye ndiye mwenye umri mkubwa pale, na mgeni kwa Wabaluchi hapewi chai kabla hajatoa hal: alikotoka, aliyoyaona njiani, nani kaoa na nani kafa huko nyuma, na mwisho kabisa, kilichomleta. Alimkalisha kwenye ubao, akamshika mkono.

— Haya bwana, tupe hal.

— Hal ni kheri, mzee wangu, alisema kijana. Mimi naitwa Sarmad, natoka Hyderabad, ni mwalimu wa hesabu. Jana tumelala Ormara. Barabara nzuri, upepo mkali. Kesho tunakwenda mpaka mpakani, tunalitazama geti, kisha tunarudi.

— Alhamdulillahi. Na kilichowaleta?

— Hakuna. Tunatembea tu, mimi na mke wangu.

— Kuna mgonjwa?

— Hapana.

— Msiba? Harusi?

— Hapana, mzee. Tunatembea tu.

Akapokea glasi zake mbili, akashukuru, akarudi garini. Wa ubaoni wote wakamsindikiza kwa macho.

— Mmesikia hal hiyo? alisema Waziri kwa sauti ya chini. Ina kichwa, ina tumbo, haina miguu. Mtu anaficha.

— Anaficha nini? aliuliza Nako Gwahram.

— Ningelijua lingekuwa limefichwa? Mficha maradhi kilio humuumbua.

— Mimi lililonishinda ni hilo la mpakani, alisema Mapipa. Mtu aende mpaka getini, alitazame, arudi? Bila hata galoni moja ya dizeli? Bila hata kopo la mafuta ya kupikia? Mimi nimekwenda pale zaidi ya mara elfu na geti lenyewe sijapata kulitazama. Geti kitu cha kutazama?

— Basi ni ardhi, alisema Waziri. Hawa wanatafuta viwanja. Tazama ile miwani. Mwanamke anapima.

— Anapima kwa miwani?

— Wewe bado uko kwenye futikamba? Siku hizi wanapima kwa miwani. Akigeuza kichwa hivi, ekari. Akigeuza hivi, ekari nyingine.

Wote wakageuka. Mwanamke alikuwa amegeuza kichwa. Mapipa, ambaye ana kiwanja kimoja chenye mawe karibu na makaburi, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

Shambe alikuwa anatazama kitu kingine. Yule mwalimu alikuwa amempa mkewe glasi kwanza, kabla hajaonja ya kwake. Mwanamke alikuwa amevua viatu na kukunja miguu juu ya kiti, na alikuwa anasema neno, na mumewe alikuwa anacheka. Kicheko hasa, cha kuinamia usukani. Shambe alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho Sharatun alisema neno la kumchekesha namna hiyo. Akakumbuka kwamba Sharatun ni mchekeshaji kweli, kuliko hata Mapipa. Ni yeye Shambe tu aliyekuwa hayupo nyumbani kumsikia. Likamuuma.

— Wanacheka, alisema.

— Hapo sasa! Waziri alijipiga paja. Umeona mume na mke wanacheka? Wako peke yao, hakuna mgeni wa kumridhisha, wanachekea nini? Hao hawakuoana. Hao wametoroka. Kwao wanatafutwa na kaka zake mwanamke, bunduki begani.

— Hawajatoroka, alisema Shambe. Walipokuwa wanaegesha walikuwa wanagombana juu ya ramani. Waliotoroka hawagombani mapema hivyo.

— Hilo kweli, alikubali Nako Gwahram. Mimi nadhani hawana mtoto. Wanakwenda kuombewa kwa walii fulani upande wa pili. Wanaona aibu kusema.

— Kwa walii mtu haendi na mfuko wa bisi, alisema Mapipa. Wanatafuna bisi pale. Sikilizeni mimi. Huyo mwanamume ni dereva. Bosi ni mwanamke. Ametumwa kutoka Islamabad kukagua biashara ya dizeli, na huyo anajifanya mume.

— Dereva gani anafundisha hesabu?

— Sasa itakaguliwaje bila hesabu?

— Nini?

— Dizeli!

Waziri aliwainulia mkono wote. Hapa ndipo alipokuwa anapapenda, watu wameshatupa nyavu zao na zimetoka tupu.

— Nilikuwa sitaki kusema, kwa sababu mambo ya nchi si ya kila sikio. Lakini mmenilazimisha. Mpaka unahamishwa.

— Unahamishwa wapi?

— Unasogezwa huku. Ndiyo maana watu wanakuja kulitazama geti, kabla halijaondolewa. Mbona hamfikiri? Mtu hutazama kitu kinachoondoka. Nina uhakika utapita hapa hapa, kwenye ubao huu. Mapipa utakuwa Iran, Barafu utabaki Pakistani.

— Na mimi na jiko langu? aliuliza Nako Gwahram.

— Jiko Iran, wewe Pakistani. Utakuwa unachota maji kwa pasipoti.

— Basi mimi nimefurahi, alisema Mapipa. Dizeli nitakuwa nimeikalia, sivushi tena. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo umeitumia vibaya, alisema Waziri.

— Umenifundisha wewe.

— Na kama ni kweli? aliuliza Shambe.

— Ni kweli! Nimekwambia, mpaka—

— Si mpaka. Alichosema yule. Kama ni kweli wanatembea tu? Hakuna mgonjwa, hakuna msiba. Mtu amemwambia mkewe, haya twende, na wakaenda?

Watatu walimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu mwenye homa.

— Barafu, ndugu yangu, alisema Waziri na kumshika bega. Mambo ya nyumbani kwako yamekuingia kichwani. Matembezi ni ya wanaume. Mwanamke ana harusi, ana hitima, ana uzazi wa mashoga zake. Anatembea kutuzidi! Akichoka na hayo ana kwao. Na wako ameshakwenda kwao, sasa analia nini?

Shambe akataka kujibu, lakini mlango wa gari ulikuwa umefunguliwa. Mwanamke alikuwa anavuka barabara na glasi mbili tupu mkononi, miwani ameipandisha kwenye mtandio. Wanaume wa ubaoni walisogeleana wakawa kitu kimoja. Mapipa akaanza kusoma maandishi ya pakiti ya biskuti. Mwanamke hakuwa na habari na hofu yao. Akamkabidhi Nako Gwahram glasi zake.

— Chai yenu tamu, mzee. Ahsante. Mimi ni Anila. Kaka zangu, niwaulize jambo moja dogo? Mume wangu anaona haya kuuliza.

Waziri alimkonyeza Mapipa. Ndilo hilo linakuja.

— Uliza, dada, alisema Nako Gwahram.

— Jioni hii tunataka mahali pa kukaa mpaka jua lizame. Sisi wageni, hatupajui. Ninyi jioni mkiwatoa wake zenu, mnakwenda kukaa nao wapi?

Mapipa alimtazama Waziri, kwa kuwa mambo magumu ni ya Waziri. Waziri alikohoa.

— Kuna... unajua, mji huu una sehemu nyingi.

— Kama wapi, kaka?

— Inategemea. Inategemea na mke.

— Mke wako wewe, kwa mfano?

Waziri akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Nako Gwahram aliinamia jiko na kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Mapipa akasema kwamba wake wa huku wanapenda kukaa ndani.

— Wamewaambia hivyo? aliuliza Anila. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

— Dada, alisema Shambe. Sisi hatujui. Anayejua ni mke wangu. Amezaliwa mji huu, kila pembe anaijua. Ila yuko Surbandar, na simu yangu hapokei.

— Yangu je? Nipe namba yake.

Shambe akaitaja namba kwa ghibu, tarakimu moja moja. Anila akapiga, akaiweka simu kwenye kipaza sauti, akaishika katikati yao. Ililia kidogo tu.

— Nani? ilisema sauti ya Sharatun, na Shambe akajishika goti.

— Salamu alaikum, dada. Unisamehe, mimi mgeni, naitwa Anila, niko hapa Gwadar na mume wangu. Nimeambiwa wewe unaujua mji. Tunatafuta mahali pazuri pa kukaa jioni.

— Wewe na mumeo? Wawili tu?

— Wawili tu.

— Ee, Mungu awatunze! Sikiliza basi. Msikae barabarani, mtakula vumbi. Pandeni mlima wa Batil. Barabara inafika juu, lakini watu wote wanasimama pale mwanzo kwa sababu ni wavivu. Ninyi endeleeni mpaka ng'ambo. Kuna mwamba una mgongo kama kiti, unakinga upepo. Ukikaa hapo unaiona bahari upande huu na upande huu, na mji umelala katikati umebanwa kiuno. Nunueni halwa dukani mle mjini, ya moto, msikubali ya jana. Na chukueni chai yenu kwenye chupa, kwa sababu juu hakuna. Jua likishaingia msiondoke haraka. Subirini taa za mji ziwake. Wanaoondoka mapema hawajaona kitu.

— Dada, umenipa kila kitu! Anila alicheka kwa furaha. Wewe umekwenda huko mara ngapi?

— Mimi? alisema Sharatun. Sijapata kufika. Nimesikia tu.

Waziri, aliyekuwa na mithali kwa kila tukio, aliangalia kandambili zake. Shambe alikuwa na machozi machoni, na hakuyafuta. Akainamia ile simu.

— Sharatun.

Akasogea karibu zaidi.

— Sharatun, ni mimi. Niko na pikipiki hapa. Nikiondoka sasa hivi nakufikia, na jua tunaliwahi.

— Na friji la nani limeharibika huko mlimani?

Anila akaziba mdomo. Mapipa alishindwa, akacheka wazi.

— Hakuna friji, alisema Shambe. Hakuna mgonjwa, hakuna harusi. Nakuja kukuchukua twende tukakae. Basi.

Kutoka upande wa pili wakasikia mtu akivuta pumzi, kisha sauti ya kaka yake kwa mbali ikiuliza nini, kisha sauti ya Sharatun ikimjibu kwamba hakuna kitu, lete viatu vyangu.

— Njoo, alisema. Halwa ninunulie ya moto.

— Nitanunua.

— Na Shambe...

— Naam?

— Hao wenzako wabaki hapo hapo.

Mapipa, ambaye alikuwa ameshainuka na kujipangusa suruali, akakaa chini taratibu.