Kahawa ya Haji Mitwalli

Mtu wa Port Said akikwama na barua ya Kiingereza hupelekwa kwenye benchi la mgahawa ule wa kahawa nyuma ya bandari, anakokaa Ustadhi Bahgat, mwalimu mstaafu waliyembandika jina la Kamusi. Asubuhi hiyo alipelekwa Haji Mitwalli. Mwanawe Karam, baharia, alianguka kutoka melini karibu na Krete, na mpaka leo hajaonekana. Wenye meli wanataka barua ya baba, Kiingereza rasmi, leo hii. Akiandika kijana amefariki, msako unakoma, mkewe anapata cheti na anakaa eda. Akiandika amepotea, wanaendelea kutafuta, na binti wa watu abaki hivyo hivyo, si mke si mjane.

— Tuandike *passed away*, yaani ametutoka, akasema Kamusi. Ndilo la heshima. Lile jingine fupi, *died*, unamwandikia paka.

— Acha zako, akadakia Nanga, baharia mzee. Hilo ni la aliyefia kitandani, shuka safi, watoto wamemzunguka. Nahodha wetu Mgiriki alimwandikia mpishi aliyeanguka baharini *went missing*, amepotea.

— Na huyo mpishi?

— Alirudi. Wavuvi walimwokota.

Haji akainua kichwa.

— Alikaa majini muda gani, ndugu yangu?

Nanga akakohoa.

— Usiku mmoja. Ila ilikuwa kiangazi, Haji.

Upepo wa baridi ulikuwa ukitikisa turubai. Haji akajifunika shali vizuri.

— Lakini anaweza kuwa jela huko Ugiriki, Nanga akaendelea. Hana karatasi, nani amjue? Au kajigonga kichwa, kasahau jina lake. Yuko kisiwani kwa mjane mmoja, analishwa jibini.

— Mjane, Nanga? Mbele ya baba wa mtu? akauliza Wembe, kinyozi wa jirani.

— Namtia moyo.

— Unamtia wazimu.

— Basi sema wewe, unayejua kila kitu.

— Mimi nanyoa ndevu tu. Mwulize Kamusi.

Kamusi alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, haandiki.

— Haji, Kiingereza ninacho. Yote mawili nitakuandikia bila kosa. Lakini lililo sahihi ni lile lililotokea, na hilo silijui. Sema wewe, mzee wangu.

Haji akaitazama kalamu. Nyumbani mke wa Karam ameshavaa nyeusi, anawapa wageni kahawa tupu, kahawa ya msiba. Mama Karam anamfuata nyuma na bakuli la sukari, anatia kwenye kila kikombe, anakoroga mwenyewe. Wawili hao hawasemezani. Wote wanamngoja yeye arudi na barua, na lolote atakaloandika, mmoja atamwona ndiye aliyemzika Karam, au ndiye aliyekataa kumzika.

— Ofisi ya wakala wa meli inafungwa adhuhuri, Wembe akakumbusha taratibu.

Akatoka mhudumu mpya, mtu mzima, ameanza kazi siku hiyo hiyo na hamjui yeyote pale. Aligawa vikombe, cha Kamusi, cha Nanga, cha Wembe. Kikabaki kimoja. Akachota kijiko, akamwinamia Haji kwa adabu.

— Na wewe baba, nikutilie sukari, au unakunywa tupu?

Haji akamtazama Kamusi. Kamusi akatazama karatasi.

Mhudumu akasubiri, kijiko mkononi.